Kondominiamu, au Ngazi Isiyo na Mwenyewe



Juma lililopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa tano alinijia akiwa na karatasi ya tangazo iliyokunjwa mara nne. Mjomba wake, mfanyabiashara avukaye mpaka karibu kila siku kwenda Goma na kurudi, alikuwa ametakiwa kutoa malipo ya awali ya nyumba katika jengo ambalo lingali likijengwa. Tangazo lilikuwa la Kiingereza, na chini yake palikuwa na mistari mitatu ya Kiswahili kwa ajili ya wanunuzi watokao ng'ambo ya mpaka. Neno lililokolezwa wino katika mistari hiyo lilikuwa "kondominiamu".

"Mwalimu," akaniuliza, "hiki ni Kiswahili?"

Nami nikamwuliza mjomba wake ameambiwa neno hilo lina maana gani.

"Ameambiwa ni nyumba ya kisasa, ya watu wenye uwezo."

Jibu hilo limenikosesha usingizi, na ndilo lililonifanya niandike haya. Neno lile halisemi lolote kuhusu usasa wala uwezo. Lasema jambo moja tu: kwamba utakachokinunua utakimiliki pamoja na watu wengine. Dalali aliyemficha mjomba maana hiyo amemwuzia nusu ya habari kwa bei ya habari nzima. Na sisi walimu wa Kiswahili tunaolipokea neno kama lilivyo, tukilibandika irabu mwishoni na kudhani kazi imekwisha, tumemsaidia dalali huyo kuuza.

Hebu kwanza tulitendee haki neno lenyewe. Condominium limeundwa kwa vipande viwili vya Kilatini: con, yaani "pamoja", na dominium, yaani "umiliki" au "mamlaka". Dominium latokana na dominus, "bwana", na wanaisimu hulihusisha hilo nalo na domus, "nyumba". Ajabu ni kwamba Warumi wenyewe hawakuita hivyo nyumba za namna hii. Mali ya watu wengi waliiita communio, na kuhusu majengo walikuwa na kanuni kali: kilichojengwa juu ya ardhi huifuata ardhi. Mwenye kiwanja ndiye mwenye jengo, tangu msingi hadi paa. Kumwuzia mtu ghorofa ya pili peke yake, kana kwamba yaelea hewani, ni jambo ambalo sheria yao haikulikubali.

Neno lilibuniwa baadaye sana, yapata mwaka 1700, na wanazuoni wa Ulaya waliokuwa wakiandika sheria kwa Kilatini, kisha likaingia katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 18. Wala halikuhusu nyumba. Lilihusu nchi: eneo moja lenye watawala wawili.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Sudan. Tarehe 19 Januari 1899, Lord Cromer kwa upande wa Uingereza na Boutros Ghali kwa upande wa Misri walitia saini mkataba wa kuitawala nchi hiyo kwa pamoja. Bendera mbili zikapandishwa. Katika karatasi palikuwa na wabia wawili. Katika mambo yenyewe, Gavana Mkuu aliteuliwa kwa amri ya mtawala wa Misri lakini kwa pendekezo la Uingereza, na wote waliokalia kiti hicho hadi mwisho walikuwa Waingereza, ilhali hazina ya Misri ndiyo iliyoziba pengo la bajeti ya Sudan katika miaka ya mwanzo. Gavana Mkuu Lee Stack alipouawa mjini Cairo mwaka 1924, Misri ililazimishwa kuyaondoa majeshi yake Sudan. Neno la ushirika likabaki katika mkataba hadi uhuru ulipopatikana tarehe 1 Januari 1956. Wasudani wenyewe, waliokuwa ndio wakaaji wa nyumba hiyo, hawakuhesabiwa miongoni mwa wenye kumiliki pamoja.

Visiwa vya New Hebrides katika Bahari ya Pasifiki vilipata hatima kama hiyo mwaka 1906, chini ya Uingereza na Ufaransa. Polisi wa aina mbili, magereza ya aina mbili, sheria za aina mbili! Wenye mzaha wakaligeuza jina la utawala huo wakauita Pandemonium, yaani vurumai tupu. Visiwa hivyo ndivyo nchi ya Vanuatu tangu mwaka 1980. (Hapa kwetu wakubwa hawakutaka hata kujifanya wanamiliki pamoja: mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikaa mjini Brussels wakachora mstari, na ndiyo maana mjomba wa mwanafunzi wangu hupanga foleni kila asubuhi ili aende kuuza bidhaa zake umbali wa kutembea kwa miguu.)

Neno la watawala liliteremka hadi kwenye vyumba vya kulala katika uhai wa babu zetu. Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, kilitunga sheria ya umiliki wa ghorofa mwaka 1958. Jimbo la Utah likafuata mwaka 1960. Mwaka uliofuata sheria ya shirikisho ikaruhusu mikopo ya nyumba za namna hiyo kukatiwa bima ya serikali, na tangu hapo Mmarekani wa kawaida akaanza kusema condominium akimaanisha nyumba yake ndani ya jengo la wengi. Ulimi wake ulipochoka, akalikata likawa condo.

Sasa linganisha na majirani wa Kiingereza. Mfaransa, ambaye sheria yake kuhusu jambo hili ni ya mwaka 1938 na nyingine ya 1965, husema copropriété. Mtoto wa shule wa Kifaransa akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, atatambua ndani yake neno la umiliki alijualo, na mbele yake kiambishi cha ushirika. Neno limefunguka lenyewe. Mwingereza wa kawaida hasikii chochote ndani ya condominium isipokuwa urefu wake na harufu ya gharama. Na sisi, tuliokuwa na hiari ya kuchagua, tumekopa lile lililofungwa!

Utasema, "Mwalimu, haya ni mambo ya kamusi." La, ndugu yangu. Nitakueleza nilivyoyaona mambo haya kwa macho yangu.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima wa Nyiragongo ulilipuka. Sisi wa Gisenyi tuliona anga la kaskazini likiwa jekundu, na usiku huohuo watu wa Goma wakavuka kwa maelfu wakiwa na magodoro na watoto mgongoni. Moto haukutufikia. Kilichotufikia ni mitetemeko ya siku zilizofuata, mmoja baada ya mwingine, hata tukalala nje tukiziogopa kuta zetu wenyewe. Nyumba nyingi mjini zilipasuka; nyingine zilianguka.

Wakati huo nilikuwa mpangaji katika jengo la ghorofa mbili lililokuwa na wenyewe wanne. Kila mmoja alikuwa amenunua sehemu yake kutoka kwa mjenzi mmoja, na mimi nilipanga kwa mmoja wao. Mitetemeko ilipotulia, tuliikuta ngazi imejitenga na ukuta kiasi cha kupitisha kiganja cha mkono. Wenye nyumba wakaitana uani. Yule wa chini akasema ngazi ni ya wanaopanda, yeye hapandi. Wale wa juu wakasema ufa umeanzia kwenye msingi, na msingi uko chini, basi mwenye chini na autengeneze. Ubishi ukaenda mwezi, ukaenda miwili. Sisi wapangaji tulikuwa tukipanda kwa zamu, mmoja mmoja, mkono ukiwa ukutani. Mama mmoja mjamzito aliyekaa juu alihamia kwa dada yake, na kodi ya nyumba akaendelea kulipa.

Hatimaye mmoja wao alileta mkataba wake kwangu nimsomee, kwa kuwa mimi ni mwalimu na mwalimu hudhaniwa kujua kila kitu. Ulikuwa wa Kiingereza. Neno condominium lilikuwa katika mstari wa kwanza, na katika ukurasa wa tano yaliorodheshwa yaliyo ya wote: ardhi, msingi, kuta zibebazo jengo, paa, ngazi, mabomba makuu. Ikaandikwa pia kila mwenye sehemu achangie kwa kadiri ya hisa yake. Mikataba yote minne ilikuwa sawa kwa herufi. Wote wanne walikuwa wameambiwa, kama mjomba wa mwanafunzi wangu, kwamba wananunua nyumba ya kisasa. Ngazi ilitengenezwa mwezi wa saba tangu ufa uonekane, na yule wa chini alitoa mchango wake akinung'unika kwamba "wamebadilisha sheria".

Hakuna aliyebadilisha sheria. Rwanda ina Sheria Na. 15/2010 ya tarehe 7 Mei 2010 kuhusu umiliki wa namna hii na jinsi ya kuuandikisha. Majirani nao wanazo zao: Uganda ilitunga yake mwaka 2001, Tanzania mwaka 2008, Kenya ilikuwa na ya mwaka 1987, ikaiweka kando kwa mpya ya mwaka 2020. Lakini tazama mchezo wa majina. Uganda na Rwanda, kwa Kiingereza, husema condominium. Kenya husema habari za vipande vya jengo, na Tanzania habari za hatimiliki za sehemu moja moja. Nchi nne za jumuiya moja, zenye wananchi wanaoelewana kwa Kiswahili sokoni, zimekiita kitu kimoja kwa majina matatu ya Kiingereza. Lau mjomba angetaka kununua chumba Kampala, kingine Mombasa na kingine Dar es Salaam, angedhani ni bidhaa tatu tofauti.

Nani angepaswa kutoa jina moja linaloeleweka? Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Tulishangilia, nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia zaidi, kwa kuwa mkate wangu umo humo. Lakini lugha isiyoweza kumweleza mtu ngazi ni ya nani, ni rasmi kwa lipi? Kwa kuimbia wageni?

Wapo wenzangu wanaojibu kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sheria za mali. Hoja hii hunichoma, kwa sababu huisemwa na watu ambao hawajafungua hata kabati la jikoni mwao. Tazama tulicho nacho. Tuna mwenye nyumba, tuna mpangaji. Tuna milki, miliki na hatimiliki. Tuna hisa, fungu na sehemu. Tuna ubia kwa wenye biashara, ushirika kwa wakulima, na urithi usiogawanywa ambao kila ukoo wa pwani waujua, pamoja na magomvi yake. Tuna kodi ya pango na tuna rehani. Tuna wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe, ambayo Mombasa, Lamu na Unguja wameitumia tangu kabla ya mkoloni.

Tena maneno haya yana heshima kuliko yale tunayoyaonea wivu. Mwingereza humwita mwenye nyumba landlord, "bwana wa ardhi", na mpangaji humwita tenant, neno la Kifaransa litokalo katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kushika. Mmoja ni bwana. Mwingine ameshika tu, na anaweza kuambiwa aachie. Kiswahili husema mwenye, yaani aliye nacho, bila ubwana wowote. Na mwingine humwita mpangaji, kwa kitenzi kilekile cha kupanga safari, kupanga vitabu, kupanga maisha. Na neno hili limetembea bila msaada wa taasisi yoyote: Mnyarwanda husema umupangayi, na kitenzi chake gukodesha kimejengwa juu ya kodi yetu. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Maneno yalivuka mpaka kwa sababu yalieleweka.

Nisije nikashitakiwa kwa upendeleo, nakiri upande wa pili. Milki ni Kiarabu, na mzizi wake ndio umzaao malik, mfalme. Basi nasi pia tumemficha mtawala ndani ya nyumba yetu. Shirika na hisa ni Kiarabu vilevile. Shule ni Kijerumani na polisi ni Kiingereza. Sipigani na kukopa. Lugha isiyokopa ni lugha ya watu wasiokwenda sokoni. Nakiri pia kwamba asili ya neno si gereza la maana yake: Mmarekani alalaye katika condo yake hafikirii Khartoum, wala hana haja.

Ninachopigania ni kidogo zaidi, tena ni kigumu zaidi. Neno la sheria lina kazi ambayo neno la chakula halina. Ukiita chapati kwa jina la kigeni, hutakosa kuila. Lakini mtu akitia saini chini ya neno asilolielewa, amejifunga kwa kamba asiyoiona. Milki tuliikopa ikakaa nasi, ikazaa miliki, mmiliki, milikisha na umilikaji. Mtoto wa darasa la nne anaifahamu. Kondominiamu haijazaa hata kitenzi. Jaribu kusema "tumekondominisha jengo letu" uone kama hutachekwa.

Basi tuseme nini? Nimesikia mapendekezo kadhaa. Jengo la ubia linapendeza sikioni, lakini ubia ni wa kutafuta faida, na majirani wanne wanaobishania ngazi si wafanyabiashara wenza. Nyumba ya ushirika itachanganywa na vyama vya ushirika, na hapa Rwanda vyama hivyo vina sheria zake. Umiliki wa sehemu ya jengo, kwa mtindo wa Tanzania, ni usemi safi, na kwa muda mrefu ndio nilioufundisha. Siku hizi nimeuacha nusu. Wasema ukweli kuhusu chumba chako na kunyamaza kuhusu paa; na ugomvi, kama nilivyoona, hauanzii chumbani.

Mimi nasema jengo la milki ya pamoja. Halina madaha. Ndani yake tutenganishe sehemu binafsi, zile unazozifunga kwa ufunguo wako, na sehemu za pamoja, zile ambazo jirani naye anazikanyaga au zinamfunika. Mwenye sehemu binafsi moja ana hisa katika sehemu za pamoja zote, apende asipende, apande ngazi asipande. Maneno yote haya unayajua tangu shule ya msingi. Hakuna hata moja lililohitaji dalali.

Na usidhani wazo hili ni geni kwa Mnyarwanda. Fungua sanduku la nyaraka nyumbani kwenu. Uandikishaji mkuu wa ardhi ulioanza mwaka 2009 ulipita nchi nzima na kuandikisha zaidi ya vipande milioni 10, na katika hati nyingi utayakuta majina mawili, la baba na la mama, kila moja na asilimia yake. Hiyo ni milki ya pamoja. Hakuna mama aliyeambiwa kwamba ameingia katika kondominiamu, na alielewa vizuri kabisa kwamba shamba halitauzwa bila yeye. Kadhalika walio wengi kati yetu tumekulia katika gipangu: kaya tano au sita, lango moja, bomba moja, mita moja ya Cash Power. Mtoto wa gipangu hujua kabla ya kujua kusoma kwamba taa ya uani ni ya wote, na hujua pia ni kaya ipi huikwepa zamu ya kununua umeme. Yule alijifunza ubishi wa sehemu za pamoja kwa vitendo. Sisi tumekuja kumfundisha kwa neno linalomfanya ajione mshamba.

Nilimrudisha mwanafunzi wangu kwa mjomba wake na maswali manne yaliyoandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi ya daftari. Ardhi iliyo chini ya jengo itaandikwa kwa jina la nani? Ni zipi sehemu za pamoja, na zimeorodheshwa ukurasa gani? Hisa yangu ni asilimia ngapi, na nitachangia nini kila mwezi? Paa likivuja au ngazi ikipasuka, nani huitisha kikao? Mjomba aliyapeleka. Dalali, ambaye hapa kwetu twamwita komisioneri, aliyasoma, akaomba apewe siku mbili akaulize. Leo ni siku ya sita.

Nawe msomaji ujifunzaye Kiswahili, chukua daftari. Mwombe mzazi au mlezi wako mkataba wowote wa nyumba ulio katika lugha yoyote, ufunike majina ya watu, kisha uandike kwa Kiswahili, kwa sentensi zako mwenyewe, ni kipi cha mmoja na ni kipi cha wote. Usitumie neno lolote ambalo bibi yako angelazimika kuuliza maana yake. Ukikwama, acha nafasi na uupigie mstari mahali hapo, kisha uje nao darasani.